Mvinyo Mweupe wa Malagousia Nyumbani: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kreti la Zabibu hadi Chupa

Kila mwaka ikifika Oktoba napokea malalamiko yale yale. Mvinyo umegeuka rangi ya chai. Mvinyo unanuka yai viza. Na lile linaloniuma zaidi: zabibu zilinukia kama bustani, lakini mvinyo haunukii kitu. Wengi wanaoniuliza ni Waswahili wenzangu tunaoishi Ugiriki. Mwezi Agosti wamenunua kilo mia za Malagousia, zabibu nyeupe ya Kigiriki, kwa wakulima wa Epanomi au Halkidiki kaskazini mwa nchi, wakafuata maelekezo ya mzee jirani, kisha wakaishia kumwaga nusu. Wachache huniuliza kutoka Dodoma wakiwa na zabibu nyeupe ya Chenin Blanc. Nao nimewawekea neno pale linapowahusu.

Mzee jirani hakukosea kwa ujinga. Ametengeneza mvinyo maisha yake yote, ila kwa zabibu za Roditis na Savatiano, na mara nyingi akitia utomvu wa msonobari, ambao hufunika makosa mengi. Malagousia haikuwa shambani kwa baba yake. Asili yake ni upande wa Nafpaktos, magharibi mwa Ugiriki, na ilibaki kidogo tu ipotee. Profesa Vassilis Logothetis aliikusanya na kuihifadhi, kisha miaka ya 1970 Vangelis Gerovassiliou akaanza kuitengenezea mvinyo kwenye shamba la Porto Carras, Halkidiki. Mazoea ya kijiji yalijengwa bila zabibu hii kuwapo, ndiyo maana hayaifai.

Shika jambo moja kabla ya yote: utamu wa Malagousia ni harufu yake. Ina pichi, ndimu, ua la mchungwa na nanaa. Msomaji wa pwani ataitambua upesi zaidi, kwa sababu ina kitu cha kikuba: asmini na rihani pamoja. Sehemu kubwa ya harufu hiyo hukaa kwenye ganda, na huuawa na vitu vitatu: joto, hewa na kuchelewa. Kila hatua hapa chini inapigana na kimojawapo.

## Vifaa: kusanya vyote kabla ya kununua zabibu

Vipimo vyangu ni vya kilo 100 za zabibu. Ukikamua bila pupa utapata karibu lita 60 za mchuzi, yaani maji ya zabibu, na mwisho wa safari chupa sitini hivi.

- Mashine ya kuponda zabibu na kutenga vikonyo, na shinikizo la kikapu la kukamulia. Usinunue mwaka wa kwanza; azima au kodi.
- Mapipa mawili ya plastiki ya chakula, lita 120 kila moja, yenye mifuniko.
- Chupa kubwa za kioo, zile Wagiriki wanazoziita damitzana: moja ya lita 54, mbili za lita 25, moja ya lita 10 na mbili za lita 5. Utaona baadaye kwa nini nataka ukubwa tofauti.
- Vizibo vya mapovu, vile vinavyotoa gesi bila kuruhusu hewa kuingia.
- Haidromita (kifaa kinachoelea cha kupimia sukari ya mchuzi) na silinda yake, kipimajoto, kipimo cha pH (namba ikiwa chini, asidi ni kali zaidi), na kifaa kidogo cha kupimia asidi.
- Mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Kama huna, usianze. Kukadiria dawa kwa kijiko kumeharibu mvinyo mwingi kuliko hamira mbaya.
- Metabisalfaiti ya potasiamu (dawa ya kuhifadhi mvinyo) gramu 50, asidi ya tartariki gramu 200, kimeng'enya cha kuvunja pektini gramu 3, hamira ya mvinyo mweupe wa harufu gramu 15, chakula cha hamira gramu 20, bentonaiti (udongo wa kusafishia mvinyo) gramu 50.
- Chupa za maji za plastiki za lita moja na nusu, ishirini, zilizojazwa maji, kufungwa vizuri na kugandishwa kwenye friza. Zioshe nje. Hizi ndizo zitakazookoa mvinyo wako.
- Mpira laini wa kuhamishia mvinyo, chupa 65 za kawaida na vizibo vyake.

Osha kila kitu kwa maji ya moto, kisha suuza kwa maji yenye metabisalfaiti kidogo na asidi ya sitriki. Usitumie jiki wala dawa yoyote yenye klorini. Mabaki yake yakikutana na ukungu wa kizibo au wa mbao huzaa harufu ya gunia bichi, na harufu hiyo haitoki.

Metabisalfaiti hutoa moshi unaobana kifua. Ichanganye mahali penye hewa, na mwenye pumu akae mbali.

## Hatua ya 1: Chuma siku sahihi, si siku uliyopata nafasi

Hapa ndipo wengi wanapopoteza mvinyo kabla hata ya kuanza. Mzee jirani atakwambia usubiri sukari ipande, maana kwake sukari nyingi ni mvinyo wenye nguvu. Kwa Malagousia ushauri huo ni sumu. Asidi yake si nyingi tangu mwanzo, na joto la mwishoni mwa Agosti huishusha haraka. Ukisubiri wiki moja zaidi unapata pombe kali, asidi iliyolala, na harufu iliyogeuka kutoka ua kwenda tunda lililoiva kupita kiasi.

Mwaka wangu wa kwanza nilichuma zikiwa zimefika Baumé 14, kipimo cha sukari ya zabibu. Nilijivunia namba ile. Mvinyo ulitoka mzito, ukiwaka kooni, na ukiunusa hukuti kitu. Sikurudia.

Lenga Baumé 12 hadi 12.8, yaani haidromita isome kati ya 1.090 na 1.097. Epanomi siku hiyo mara nyingi huangukia nusu ya pili ya Agosti, lakini usifuate kalenda. Mwombe mkulima akuruhusu kupima mara mbili kwa wiki: chukua punje mia moja kutoka mizabibu tofauti, juu na chini ya kichala, upande wa jua na wa kivuli, zikamue kwa mkono upime.

Kisha tafuna. Ganda likitoa harufu ya ua na limepoteza ule ukali wa jani bichi, na mbegu zimeanza kuwa kahawia, siku imefika.

Chuma alfajiri na umalize kabla ya saa tatu asubuhi. Tumia kreti za kilo 20, si magunia wala mifuko, maana zabibu zikipondeka njiani mchuzi unaanza kuoza ndani ya gari. Tenga kila kichala chenye ukungu. Usijiambie kwamba kidogo hakidhuru: punje zilizooza hubeba vimeng'enya vinavyogeuza mvinyo mweupe kuwa kahawia.

Umefaulu kama: kreti zimefika nyumbani zikiwa bado baridi ukizigusa, punje ni nzima, na chini ya kreti hakuna dimbwi la maji matamu.

## Hatua ya 2: Poza kabla ya kuponda

Kama zabibu zimepita nyuzi 20, ziweke usiku mmoja kwenye chumba baridi. Wakulima wengi wana chumba cha kuhifadhia matunda na wanakubali kukuwekea kreti tano. Omba. Ukikosa, ponda mara tu zinapofika, na uwe na barafu mkononi.

Barafu yenyewe usiitie kwenye mchuzi, utauongeza maji. Tumia zile chupa zilizogandishwa: zitumbukize kwenye pipa, zikiyeyuka zitoe, zirudishe kwenye friza. Kwangu chupa kumi na mbili hushusha kilo mia kutoka nyuzi 22 hadi karibu 10.

## Hatua ya 3: Ponda, tia dawa, acha maganda yaongee na mchuzi

Pitisha zabibu kwenye mashine ili punje zipasuke na vikonyo vitoke. Punje ipasuke tu, isisagwe. Mbegu ikivunjika huleta uchungu.

Yeyusha gramu 6 za metabisalfaiti kwenye kikombe cha maji, na uinyunyize kidogo kidogo kadiri unavyoponda, si mwishoni. Hewa huanza kazi ya kuharibu dakika ile punje inapopasuka, na dawa ndiyo inayoizuia. Nyunyiza pia kimeng'enya chako, gramu 2 hadi 3. Kinalegeza ganda ili litoe harufu na mchuzi mwingi bila wewe kukamua kwa nguvu. Usivichanganye hivi viwili kwenye kikombe kimoja. Metabisalfaiti iliyokolea huua kimeng'enya.

Sasa funika pipa na uache maganda yakae ndani ya mchuzi. Muda hutegemea baridi uliyo nayo:

- Ukiweza kushikilia chini ya nyuzi 12: saa 6 hadi 8.
- Nyuzi 12 hadi 15: saa 2 hadi 3.
- Zaidi ya nyuzi 15: usiloweke kabisa. Nenda moja kwa moja kukamua.

Hatua hii ndiyo inayotofautisha Malagousia yenye harufu na mvinyo mweupe wa kawaida, na ndiyo hiyo hiyo inayoharibu kazi ya walioisikia nusu. Kuloweka kwenye joto hutoa uchungu wa ganda na kuwaamsha vijidudu usiowataka. Msomaji mmoja aliloweka siku nzima kwenye gereji ya Agosti. Alichopata kilikuwa cha rangi ya asali na kilikausha ulimi kama chai ya rangi iliyochemka sana.

Wenzangu wa Dodoma, ruka kuloweka. Chenin Blanc haiweki harufu yake kwenye ganda kwa namna hii, na joto lenu halitawasamehe.

Umefaulu kama: ukifungua pipa unapokewa na harufu ya pichi na rihani, na mchuzi una rangi ya kijani hafifu, si kahawia.

## Hatua ya 4: Kamua taratibu, na ujue pa kuacha

Kwanza acha mchuzi utiririke wenyewe bila kukandamiza. Huo ndio bora kuliko wote, na huwa zaidi ya nusu. Kisha kaza shinikizo kidogo, subiri dakika kumi, legeza, vuruga machicha kwa mkono, kaza tena.

Onja kila baada ya mkazo. Mchuzi wa mwanzo ni mtamu na mchachu. Ukifika mahali utamu umepungua, uchachu umelala na ulimi unakauka, acha. Weka mchuzi huo wa mwisho kwenye chombo chake. Najua inauma kuacha lita tano kwenye machicha baada ya kulipia zabibu. Lita hizo tano zitachafua sitini.

## Hatua ya 5: Acha mchuzi utulie saa 24

Mchuzi unaotoka kwenye shinikizo ni mzito kwa tope la nyama ya zabibu. Ukiuchachusha hivyo, tope litazaa harufu nzito zinazofunika ua.

Weka mchuzi kwenye pipa safi, tumbukiza chupa za barafu, zibadilishe asubuhi na jioni, ushike nyuzi 8 hadi 12 kwa saa 24. Ukiona mapovu yanaanza, baridi haikutosha, ongeza barafu.

Kisha nyonya kwa mpira mchuzi ulio juu bila kugusa tope la chini. Usitafute uwazi wa maji ya chupa. Hamira inahitaji tope jembamba kidogo ili ile; mchuzi uliosafishwa kupita kiasi huchachuka kwa shida na kusimama njiani. Uonekane kama maji ya ndimu yaliyochujwa kwa chujio la chai. Utabaki na lita 55 hivi.

## Hatua ya 6: Pima asidi na urekebishe sasa

Pima pH na asidi yote. Malagousia iliyoiva mara nyingi hukuta pH 3.4 hadi 3.6. Unataka 3.2 hadi 3.35, na asidi ya gramu 6 hadi 6.5 kwa lita.

Asidi ya tartariki gramu 1 kwa kila lita huongeza asidi kwa gramu 1. Anza na gramu 1 kwa lita, yaani gramu 55 kwa lita zako 55, yeyusha kwenye mchuzi kidogo, mimina, koroga, subiri saa moja, pima tena. Usiongeze yote mara moja.

Sababu si ladha peke yake. Metabisalfaiti hufanya kazi vizuri pH ikiwa chini. Mchuzi wa pH 3.6 unahitaji karibu mara mbili ya dawa kupata ulinzi ule ule. Kuongeza asidi baada ya kuchachuka inawezekana, lakini uchachu unabaki umesimama kando ya mvinyo, haujaungana nao.

Dodoma: pimeni kwanza. Chenin Blanc kwa kawaida hushikilia asidi kuliko Malagousia, huenda msihitaji chochote.

## Hatua ya 7: Amsha hamira kwa adabu

Acha joto la mchuzi lipande hadi nyuzi 15 au 16. Pasha maji safi mililita 150 hadi nyuzi 37, nyunyiza gramu 14 za hamira juu, usikoroge, acha dakika 15. Koroga polepole, kisha ongeza mchuzi kijiko kwa kijiko kwa nusu saa ili hamira izoee baridi. Tofauti ya joto kati ya kikombe na pipa isizidi nyuzi 10 unapomimina. Zaidi ya hapo unaua hamira nyingi kwa mshtuko, na zilizobaki hufanya kazi kwa mateso.

Hamira ya mandazi usiitumie. Itaanza kwa kelele na kuchoka katikati, na harufu yake ni ya mkate.

Gawa mchuzi: lita 42 kwenye chupa ya 54, zilizobaki kwenye chupa ya 25. Nafasi ya juu ni ya povu. Weka vizibo vya mapovu.

Umefaulu kama: ndani ya saa 24 hadi 48 unaona utando wa povu jeupe na kizibo kinaanza kugonga.

## Hatua ya 8: Linda joto kwa wiki mbili au tatu

Kuchachuka hutoa joto lake mwenyewe. Ukiacha chupa kwenye chumba cha nyuzi 26, ndani itafika 30, na kila povu linalotoka litabeba harufu yako kwenda dirishani. Nyumba nzima itanukia vizuri. Ni mvinyo wako unaoondoka.

Shika nyuzi 14 hadi 17. Kama huna friji kubwa, weka chupa ndani ya beseni pana lenye maji, vika kitambaa cha pamba ambacho ncha zake zinagusa maji, elekeza feni, na tupia chupa za barafu kwenye beseni asubuhi na jioni. Ni ujanja ule ule wa mtungi wa udongo: maji yanayokauka huondoka na joto. Kwangu hushusha nyuzi 8 hadi 10 chini ya joto la chumba.

Pima haidromita kila siku saa ile ile na uandike. Namba ishuke taratibu, kati ya 0.005 na 0.010 kwa siku. Ikikimbia kuliko hapo, ongeza baridi. Ikikaribia kusimama, punguza barafu.

Chakula cha hamira kitie mara mbili: gramu 8 siku ya pili, na gramu 8 nyingine namba ikifika 1.065 hivi. Baada ya hapo usitie tena. Hamira haitakila, watakila vijidudu wengine. Tahadhari: kabla ya kutia, toa mchuzi kidogo, yeyushia humo, kisha rudisha polepole. Ukimwaga unga mkavu, povu litaruka hadi darini.

Harufu ya yai viza ikitokea mapema, hamira ina njaa. Tia fungu la chakula na ukoroge kwa nguvu kidogo. Ikitokea mwishoni, hamisha mvinyo kutoka kwenye mashapo mara moja. Usitie kipande cha waya wa shaba kama wengine wanavyofundishana. Shaba nyingi ni sumu na huwezi kuipima jikoni.

Hatari ya kweli: kila lita ya mchuzi hutoa zaidi ya lita 50 za hewa ya ukaa. Lita 55 zinatosha kujaza chumba kidogo cha chini ya ardhi kwa hewa isiyopumulika. Ni nzito, hukaa chini, haina rangi wala harufu. Fungua mlango na dirisha kabla ya kuingia, usilaze mtoto wala mnyama humo, na usitegemee mshumaa: hewa inaweza kukuangusha huku mshumaa bado unawaka.

Umefaulu kama: haidromita imefika 0.994 au chini yake, na inabaki hapo siku tatu mfululizo.

Ikisimama juu ya 1.000 kwa siku tatu, pandisha joto hadi nyuzi 18 au 20 na uvuruge mashapo ya chini. Isipoamka, andaa hamira mpya yenye kuvumilia pombe na uizoeshe kwa nusu lita ya mvinyo wako kabla ya kuimimina.

## Hatua ya 9: Hamisha, tia dawa, jaza hadi shingoni

Mapovu yakikoma, subiri siku tatu hadi tano, kisha hamisha mvinyo kutoka kwenye mashapo mazito. Mpira ufike chini ya chupa mpya ili mvinyo usirushwe hewani. Tia gramu 5 za metabisalfaiti kwa lita 51 zilizobaki. Dawa hii inazuia pia asidi ya mvinyo isigeuzwe kuwa laini na bakteria. Kwa zabibu yenye asidi kidogo hutaki hilo litokee.

Sasa ndipo zile chupa za ukubwa tofauti zinapokuwa na maana. Mpaka jana hewa ya ukaa ilikuwa inaulinda mvinyo. Leo haipo. Chupa iliyojaa robo tatu ni mvinyo ulioanza kufa: utaona utando mweupe juu, kisha rangi ya kahawia, kisha siki. Jaza chupa mbili za 25, na lita iliyobaki weka kwenye chupa ya lita moja ya kujazia pengo baadaye. Ukikosa mvinyo wa kujaza, hamishia kwenye chupa ndogo zaidi. Kagua kila wiki.

Acha mvinyo ukae na mashapo membamba wiki sita hadi nane, ukitikisa chupa taratibu mara moja kwa wiki bila kuifungua. Mashapo haya laini huupa mvinyo unene mdomoni. Yakianza kunuka, acha kutikisa na uhamishe.

## Hatua ya 10: Jaribu uwazi, poza, hamisha tena

Jaza chupa ndogo safi kwa mvinyo uliochujwa, iweke kwenye maji ya nyuzi 80 kwa saa mbili, iache ipoe. Ikitoka imepoteza uwazi, protini zipo na zitaharibu uwazi wa chupa zako siku ya joto. Chukua gramu 30 za bentonaiti, nyunyiza kwenye mililita 600 za maji ya moto, acha saa 24, kisha mimina kwenye mvinyo huku ukikoroga. Usizidishe, udongo huu huondoka na harufu pia. Jaribio likitoka safi, usiitie kabisa.

Januari, toa chupa kwenye roshani kwa wiki mbili usiku wa Thessaloniki unapokaribia sifuri, ukizifunika zisipigwe na mwanga. Vijiwe vinavyong'aa vitaanguka chini. Si vioo, si uchafu. Ni chumvi ya asidi ya zabibu yenyewe. Hamisha mvinyo ukiwa bado baridi.

## Hatua ya 11: Chupa

Februari au Machi, kabla joto halijarudi. Peleka kidogo kwenye maabara ya mvinyo iliyo karibu nawe, wakupimie salfaiti huru (ile ambayo bado inaulinda mvinyo) na sukari iliyobaki. Salfaiti huru iwe miligramu 30 kwa lita. Ukikosa maabara, tia gramu 2 za metabisalfaiti kwa lita 47. Sukari iwe chini ya gramu 2. Kama haidromita haikufika 0.994, usifunge: hamira ikiamka mwezi Mei, chupa zitapasuka.

Jaza kutoka chini kwenda juu, acha upana wa kidole chini ya kizibo, laza chupa mahali penye giza na nyuzi 12 hadi 15.

Subiri wiki sita kabla ya kuonja. Mvinyo uliotoka kuwekwa chupani hujifungia, na wengi hudhani umeharibika. Kisha fungua ya kwanza kwa nyuzi 8 hadi 10, si baridi ya friji moja kwa moja, kwa sababu nyuzi 4 huzima harufu ile ile uliyoipigania tangu Agosti. Itoe friji robo saa kabla. Mimina theluthi moja ya glasi pana, zungusha, nusa kabla ya kunywa. Kwanza pichi na ganda la ndimu, halafu asmini, na nyuma kabisa, glasi inapoanza kupata joto la mkono, rihani. Inakwenda vizuri na samaki wa kuchoma na saladi yenye nanaa.

Chupa ulizobaki nazo zinywe ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi.